Kuhusu ile kwantaizi, na pedi namba 6

Kaka Sele,

Vipi huko Silver Spring, Marekani, shemeji hajambo, watoto wanaendeleaje na shule? Huku tupo salama, mvua imenyesha wiki nzima, Tandika yote tope, umeme unakuja na kuondoka, ila wazima. Bi mkubwa wako nilimpitia Jumapili, mguu unamsumbua kidogo lakini sauti ileile, kanifungia visheti kwenye mfuko wa rambo kasema nisiende mikono mitupu kwangu.

Najua tumekaa kimya muda mrefu. Naandika kwa mambo mawili, moja shida yangu na lingine msamaha, nianze na shida maana ndo nyepesi.

Pedi namba 6, kile kitufe cha raba cha kugonga, imekufa. Ile mashine ya biti, MPC 2000XL, uliyompa mjomba aniletee kwenye begi la nguo, namba 6 ndo naweka snea, ile ngoma ya mlio mkali, siku zote, mkono ushazoea, hata usingizini kidole kinajua pa kwenda. Sasa ukigonga taratibu kimya, ukigonga kwa nguvu inatoa sauti ya juu kabisa kama mtu aliyeshtuliwa, katikati hapo hakuna kitu. Nimeifungua mwenyewe na bisibisi ya kuazima, nikafuta sensa (inayohisi mguso) na spiriti, nikabandika selotepu safu tatu chini ya raba kama tulivyokuwa tunafanya zamani, ikaamka siku mbili ikalala tena. Na flopi, zile diski za kuhifadhia, zinazosoma zimebaki nne tu. Moja ina biti za Chidi zote za mwanzo, naiogopa hata kuichomeka.

Haya, msamaha. Unakumbuka ile jioni uani kwa bi mkubwa, siku mbili kabla hujapanda ndege, tukabishana kuhusu J Dilla, yule mtengeneza biti wa hip hop wa Marekani, mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nikasema siri yake yote ni moja, alizima kwantaizi, yaani ile ya mashine kukunyooshea nota zikae sawa kwenye mdundo, akapiga kwa mkono, basi. Wewe ukasema hapana, mle ndani kuna hesabu, mtu hawezi kuteleza vile kila bar (kila mapigo manne) na ngoma isianguke. Nikakuita mtu wa laptopu mbele ya watu, nikasema umesahau mashine. Lile neno halikuwa zuri kaka, na niliona uso wako.

Sasa sikiliza kilichonitokea. Mdogo wake Chidi kaja na laptopu yake, kaniwekea biti kaitengeneza kwenye programu ya FL Studio, anasema bro nimefanya ki-Dilla. Kazima kwantaizi kila mahali, haihati (ile ya matoazi) inaanguka huku, kiki (ngoma ya mguu) kule, snea haijulikani inamfuata nani. Nikamuuliza nani kakufundisha hivi, akasema si wewe. Nilikaa kimya. Maana kweli ni mimi, miaka yote hii vijana wanaopita pale kwangu nawaambia zimeni kwantaizi, zimeni kwantaizi.

Basi nikajifungia na mashine siku tatu, usiku usiku. Nikarudi kwenye lile dirisha la Timing Correct, kwenye mambo ya kwantaizi, ambalo mimi nililipita kila siku kama geti la jirani. Mashine inakata robo nota, yaani pigo moja, vipande 96 vinavyoitwa tiki, kwa hiyo kila nota ya moja ya kumi na sita, yaani robo ya pigo, ni tiki 24. Kwenye tempo ya mapigo 90 kwa dakika tiki moja haifiki milisekunde 7. Ukiacha swingi, yaani mgawo wa nafasi kwa kila jozi ya nota, kwenye 50% nota zinakaa sawa kama tofali, ukipandisha 58% ile ya pili ya kila jozi inachelewa tiki 4, na ukifika 66% ushaingia kwenye mdundo wa tatutatu. Halafu chini yake kuna Shift Timing, unachukua sauti moja tu, tuseme snea, unaisogeza mbele au nyuma tiki unazotaka na zingine haziguswi.

Nikaweka haihati swingi 58. Kiki nikapiga kwa mkono bila kwantaizi. Snea nikaiwahisha tiki 3 (nimeihamishia pedi namba 10, mkono bado unalalamika). Kaka. Nilisimama. Ile kitu ya kuvutwa huku na huku, shingo inataka kwenda kulia na bega kushoto, ikatokea pale chumbani kwangu saa nane usiku, na hakuna hata kimoja kilichotupwa hovyo. Kila sauti ina saa yake na saa zote zinakwenda pamoja. Kuzima kwantaizi alizima, hilo silirudishi, lakini pia alijua kupanga, anaweka kilichonyooka na kilichopinda kwenye bar moja kwa makusudi. Ndo ulichokuwa unasema uani. Ulikuwa sahihi, mimi nilishika nusu nikaifanya dini.

Na nikaanza kumfikiria upya yule jamaa kwa ujumla. James Yancey, kazaliwa Detroit Februari 1974, mtaa wa Conant Gardens, mama aliimba opera na baba alipiga besi ya jazz. Hakuanza na mashine yake. Alikuwa anakwenda kwa Amp Fiddler, mpiga kinanda wa yule mwanamuziki wa funk George Clinton, aliyekuwa anakaa mtaa huohuo, ndo kwake alikoishika MPC mara ya kwanza, kijana anakaa chini anajifunza mpaka usiku. Halafu 1994 Amp yuko kwenye ile ziara ya Lollapalooza na Clinton, kundi la A Tribe Called Quest nao wamo, akamkutanisha dogo na Q-Tip wa kundi hilo, na hapo ndo mlango ulipofunguka. The Pharcyde, Slum Village yake mwenyewe na T3 na Baatin, Common, Erykah Badu, wote wamepita kwenye mikono ile. Amp kafariki Desemba 2023, na sijasikia redio yoyote huku ikimtaja, iliniuma. Kila mtaa una mtu mmoja aliyefungua chumba chake kwa watoto wa wenzake, sisi tulikuwa na yule kaka wa Mtoni na kaseti zake mbili, unajua namsema nani.

Vifaa navyo tulivichukulia kirahisi sana. SP-1200, ile mashine ya biti waliyoipenda watayarishaji akina Pete Rock, ilibeba sekunde 10 tu za sampo (vipande vya sauti vya kukata kwenye santuri), yote, ndo maana walikuwa wanazungusha santuri ya 33 kwa spidi ya 45 ili ipite haraka, kisha wanaishusha ndani ya mashine, na ule mkwaruzo tunaoupenda ukatokea hapo, kwenye biti 12 (hizi za kompyuta, za kupima ubora wa sauti, si za ngoma) na ubanifu wa nafasi. MPC 3000 ya Dilla, ya mwaka 1994, Roger Linn aliyeibuni alishafika biti 16 na sauti inatoka safi. Kwa hiyo ule ulaini wa Dilla hata haukutoka kwenye uchafu wa mashine. Alichagua sampo, akakata, akachuja besi, akasogeza tiki. Nikikumbuka tulivyokuwa tunasema tukipata mashine kama yake na sisi tutasikika vile...

Kinachonirudia sana lakini ni mwisho wake. Ana ugonjwa wa damu, ana na lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), mwishoni mwa 2005 kapanda jukwaani Ulaya akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hospitali Los Angeles mama yake, Ma Dukes, alikuwa anamkanda vidole vikivimba ili aweze kugusa vifaa tena. Albamu yake Donuts ikatoka tarehe 7 Februari 2006, siku ya kuzaliwa kwake ya 32, tarehe 10 akafariki. Nimefikisha miaka 41 kaka na vidole vyangu vizima. Hiyo sentensi nimeiandika nikaifuta nikaiandika tena.

Jumapili bi mkubwa wako kaniuliza mbona siku hizi hasikii ngoma zenu. Anasema ngoma zenu, kama vile bado upo chumba cha uani na anataka kuja kugonga ukuta tupunguze. Nikamwambia Sele ana kazi nyingi. Akasema mwambie asiache.

Sasa naomba. Mwaka 2014 mama yake Dilla aliitoa ile MPC 3000 kwa makumbusho ya Smithsonian ya historia ya Waafrika Marekani, pamoja na kinanda cha umeme cha Minimoog alichotengenezewa na Bob Moog mwenyewe, na jumba lenyewe lipo hapo Washington, kwako ni treni tu. Kuingia bure ila unakata tiketi mtandaoni mapema. Nenda na watoto. Uangalie pedi zake kwa karibu, zile za chini kushoto, zimelika? Zinang'aa katikati kama kitasa cha mlango au raba bado ina chembechembe? Ipi imelika kuliko zote? Kama wanaruhusu nipigie picha.

Na je, sensa za 2000XL bado zinauzwa huko, au watu wananunua mashine mbovu na kuchuna vipuri? Kuna kile kifaa cha kuweka USB badala ya flopi, umewahi kumuona mtu anakitumia? Mjomba anakuja lini tena? Wewe ulibaki na mashine gani, au uliuza yote? Unatengeneza chochote usiku watoto wakilala? Ile biti ya kinanda tuliyoiacha katikati, bar nane tu, ninayo kwenye flopi namba 3, nikiitoa nikutumie umalizie upande wako, snea nimeiacha wazi kabisa sijaigusa?

Jibu hata kwa sauti, usingoje kupata muda wa kuandika.

Nduguyo,
Big Dula

Bi mkubwa kasema upige kabla ya Ijumaa, kuna habari ya kiwanja.