Barua kwa mwalimu wa historia, Bukoba

Temeke, Dar es Salaam

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Temeke. Huku hatujambo, joto tu ndilo linatutesa usiku. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba safari hii Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, shuleni kwenu haitakuwa ya kukata keki na kuvaa vitenge vya sare. Umeniomba niwaandikie wanafunzi wako habari za wanawake wa huku pwani waliopigania Uhuru. Nitawaandikia, ila kwanza nakuomba jambo moja: wasipewe majina matupu. Mtoto akikariri kwamba Bibi Titi Mohamed alikuwa shujaa, halafu ukimuuliza alifanya kazi gani hana jibu, hajafundishwa kitu.

Mwaka 1955 TANU, chama kilichodai Uhuru wa Tanganyika, ilikuwa changa, haijamaliza hata mwaka wake wa pili. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo wasomi wengi walikaa pembeni wakihofia vibarua vyao kuota nyasi. Mwaka huo alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wanawake wako wapi. Ndipo Bibi Titi akakabidhiwa tawi la wanawake. Hata miaka thelathini alikuwa hajafikisha, elimu yake darasa la nne, na mjini alifahamika kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Hapa ndipo ningependa ukae na wanafunzi wako, hata kipindi kizima kiishie hapo. Bibi Titi alianza kwa kuwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo. Vikundi vile vilikuwa na vyeo, michango, sare na utaratibu wa kushikana kwenye misiba na harusi. Wanawake walikuwa wameshajipanga miaka mingi kabla ya chama kuwafikia. Ukimpata kiongozi wa kikundi, umewapata wote walio nyuma yake. Tena wengi walijitafutia wenyewe, wakiuza vitumbua, samaki, hata pombe. Hakuna bwana mkubwa aliyeweza kuwaachisha kazi. Katika muda wa miezi mitatu hivi, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshaingia TANU. Wanaume waliosita walijikuta wake zao, mama zao na mama wenye nyumba wao wameshachukua kadi.

Nakuandikia haya kwa uchungu kidogo, na sababu unaijua. Tulipomsomea bibi yangu hitima, mjomba alisimama kumwelezea marehemu. Akasema alikuwa mama mwema, mpishi hodari, aliyemtunza mumewe hadi siku yake ya mwisho. Yote kweli. Wiki iliyofuata mimi na mama tukafungua sanduku lake. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga kilichofungwa fundo mbili, tukakuta kadi ya TANU. Pembe zimeliwa na mende, mkunjo wa katikati umeanza kuachia, jina lake limeandikwa kwa wino wa buluu na mkono wa mtu mwingine, kwa kuwa wakati ule yeye hakujua kuandika. Mama ndipo akanisimulia: bibi alikuwa akizunguka Keko na Chang'ombe nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenzake, mtoto mgongoni. Huyo mtoto wa mgongoni ndiye mjomba aliyesimama hitimani. Alikuwepo kwenye kazi ile na hajapata kuambiwa!

Ndivyo historia ya wanawake inavyopotea, shoga yangu. Mara nyingi haifichwi na mtu mbaya. Inakunjwa ndani ya kanga na wanaobaki hawaulizi.

Ya Bibi Titi nayo wasimuliwe yote, hata yasiyopendeza. Aliiongoza UWT, umoja wa wanawake, tangu ilipoanzishwa mwaka 1962, na baadaye akapishana na chama juu ya Azimio la Arusha, lile la Ujamaa. Mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Alifariki Novemba 2000. Leo barabara yenye jina lake inapita Mnazi Mmoja, na kila siku maelfu ya watu wanaikanyaga. Wangapi wanaijua habari ya Bomba?

Halafu usiishie kwenye Uhuru. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu mahakama, ndoa ikivunjika, kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, lakini kupika, kufua na kulea kulihesabiwa kuwa juhudi? Bi Hawa Mohamed alilifikisha swali hilo Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Yeye mwenyewe hakupata mgawo katika nyumba aliyoidai. Waliofaidika ni waliokuja baada yake, na wengi wao hawamjui. Mimi jambo hili linaniuma kuliko hata habari za wanasiasa.

Na kwenu Uhayani mna Holaria Pastory. Alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988, na mtu wa ukoo akaenda mahakamani kwamba mwanamke wa Kihaya hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema Katiba hairuhusu ubaguzi huo, na mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Wanafunzi wako wanakula ndizi za mashamba hayohayo. Anza na kesi hii, ndipo uwalete Dar es Salaam.

Kazi ya nyumbani ningewapa hii: kila mmoja amuulize bibi yake, au mwanamke mzee wa jirani, alikuwa katika kikundi gani ujanani, alifanya nini humo, na shamba analolima limeandikwa jina la nani. Wayaandike majibu kwa maneno ya bibi mwenyewe. Ukiyapata, nitumie, nataka kumsomea mama.

Kadi nitaipiga picha nikurushie kwenye simu. Yenyewe mama hataki itoke nyumbani, na mjomba ameshaomba aletewe aione Idi ikifika.

Msalimie mama mkwe na watoto wote. Senene wakianguka, nikumbuke na mimi wa Dar.

Ni mimi shoga yako,
wa Temeke