Baba, mimi ni kibarua

Chicago, Jumapili 7 Septemba 2025

Baba na Mama, shikamooni.

Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Baba utacheka kuona nimeanza vile vile ulivyotufundisha darasa la tatu. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu mnaiweka spika, na neno nikilisema asubuhi, mtaa wetu wote wa Ngamiani, Tanga, wanalo kabla ya magharibi. Tena haya nikiyasema kwa mdomo nitayatia sukari, nitawachekesha, tutaagana na bado sijayasema. Anayewaletea barua ni jirani yangu wa hapa, anakuja likizo. Msimuulize mengi, hajui.

Juzi Baba Mdogo alinipigia. Anasema kwenye harusi ya binti wa Shangazi, MC alinisalimia ukumbini: "Tunaye pia profesa wetu, yuko Marekani!" Watu wakapiga makofi, na meza ya wazee wakaniandikia mchango wa milioni mbili hapo hapo. Mchango nitaurudia chini. Kilichonikosesha usingizi ni lile neno.

Mimi si profesa, Baba. Kosa ni langu. Ile Ramadhani tulipokuwa tunaongea kwa video, mwanafunzi alinikimbilia kwenye maegesho ya magari akaniita "Professor", nawe ukasikia. Huku mwanafunzi wa chuo humwita hivyo kila anayesimama mbele yake na chaki, ni adabu tu, kama sisi tunavyomwita fundi hata anayejifunza kupiga randa. Nilitaka kukueleza, nikauona uso wako, nikanyamaza. Sasa nasikia barazani unanilinganisha na yule mwandishi wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Gurnah alikuwa profesa kweli kweli, Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Mimi Kiingereza wana jina lao la heshima la kuniita, ila Kiswahili chake ni kibarua.

Unakikumbuka kipande cha Babu, ile kadi yake ya kazi ya kwenye mkebe wa biskuti? Ulinionyesha mara moja tu, nikiwa darasa la sita. Visanduku 30, kila siku aliyokata mkonge akapigiwa alama, na siku isiyo na alama ni kama hakuamka. Ulisema zilipigwa alama 27, akashikwa na homa. Nilikuwa mdogo, nikauliza, "Kwa hiyo hawakumlipa?" Ukafunika mkebe.

Kipande changu huja kwa barua pepe. Kila muhula inakuja moja kutoka kila chuo: tunakupa kozi hii, wiki 16, malipo kiasi hiki, *endapo wanafunzi watatosha*. Muhula ukiisha mkataba umekufa. Hawakufukuzi, wanaacha tu kukuandikia. Nimefundisha miaka sita sasa, na kila Novemba naanza kuchungulia simu kama mtu aliyechumbiwa anayesubiri posa ya pili.

Nafundisha vyuo vitatu, kimoja kaskazini mwa jiji, viwili nje kabisa upande wa magharibi. Mama aliuliza kwa nini nisitulie kimoja. Mama, kutulia si juu yangu. Sheria yao ya bima ya afya ya mwaka 2010 inataka mwajiri mkubwa atoe bima kwa mtu anayefanya kazi saa 30 au zaidi kwa wiki. Serikali ikaweka na kanuni ya kuhesabu saa za mwalimu wa muda: chuo kikitaka, kila saa moja ya darasani kiihesabu saa mbili na robo, ili kuingiza maandalizi na kusahihisha. Basi mwenye kozi tatu yuko darasani saa 9, kwa hesabu yao ni saa 20 na robo, salama. Wakikuongeza mbili unapita mstari. Chuo cha kwanza hakinipi zaidi ya tatu hata nikilia, na kingine mbili. Kwa hiyo naungaunga, na bima nanunua mwenyewe.

Ofisi yangu ni gari. Kiti cha nyuma nina mikoba mitatu, wa bluu, wa kijani, na ule wa kitenge alionishonea Shangazi, kila chuo na mkoba wake, maana mwaka juzi niliwarudishia watu wa magharibi insha za watu wa kaskazini. Chupa ya chai iko kwenye buti. Chuo kimoja kimetupa chumba cha pamoja, meza nne watu kumi na saba, na ukutani kuna visanduku vya barua. Changu kina jina langu kwa kalamu ya wino kwenye utepe wa karatasi. Siku moja nilikuwa nasubiri mashine ya kurudufu ipoe, nikaukwangua ule utepe kwa ukucha. Chini yake kuna utepe mwingine, jina la mtu. Na chini yake tena. Nilifika jina la nne nikaacha, nikaubandika wangu vizuri kwa mate.

Tuje kwenye hesabu, Baba, maana najua umeshavaa miwani. Muhula huu nilipangiwa kozi tano: mbili za dola 3,400, mbili za 3,000, na moja ya 2,700. Jumla 15,500 kwa miezi minne, kabla ya kodi ya serikali. Kodi ya nyumba 1,250 kwa mwezi. Kiangazi hamna kitu. Kisha Alhamisi, darasa linaanza Jumatatu, ikaja barua pepe ya mistari minne: kozi ya hadithi fupi za Afrika imefutwa, wamejiandikisha wanane na wanatakiwa kumi na wawili. Nilikuwa nimeiandaa mwezi mzima. Maandalizi hayalipwi. Zimebaki 12,500, na malipo ya kwanza ni tarehe 30 mwezi huu ingawa nafundisha tangu katikati ya Agosti.

Kuna hesabu nyingine nilifanya usiku mmoja, nikatamani nisingeifanya. Kozi ya dola 3,000, ukiweka kufundisha, kujiandaa, kusahihisha na kujibu barua pepe zao za saa sita usiku, inakula kama saa 12 kwa wiki. Mara wiki 16 ni saa 192. Gawanya: dola 15 na senti 60 na kitu. Kima cha chini cha mshahara hapa Chicago tangu Julai mwaka huu ni dola 16.60 kwa saa. Kijana anayenichomea chapati za Kimeksiko pale kona ananizidi dola moja, naye jiko lake akilizima, limezimika.

Na siko peke yangu, hilo nalo ulijue usije ukadhani nimezembea. Chama chao cha maprofesa, AAUP, kilihesabu: mwaka 1987 walimu wa vyuo wasio na ajira ya kudumu wala njia ya kuifikia walikuwa asilimia 47. Mwaka 2021 walikuwa 68. Wanafunzi hawajui. Mzazi anayelipa ada hajui. Anayesimama mbele ya mwanawe amekuja na mkoba wa kijani na ataondoka dakika ile ile kengele ikilia, si kwa ukorofi, ila ana dakika 50 za kufika chuo kingine na barabara ya I-290 ikiziba haina huruma.

Nimelalamika vya kutosha. Kazi yenyewe sasa.

Nina madarasa matatu ya uandishi, 24 kila moja, ni watu 72. Kila mmoja anaandika insha nne: 288. Dakika 20 kila insha, ni saa 96 za kusahihisha, na mimi kalamu nyekundu siwezi kuitumia nusunusu, nilikuona wewe na koroboi yako. Mwaka jana akili mnemba ilinitia wazimu. Zilikuja insha safi kama vyombo vya maonyesho, hazina kosa na hazina mtu ndani. Tatu zilikuwa na mfano ule ule wa bibi anayepika mkate, na wenyewe hata hawajuani. Muhula huu nimerudi Tanga: karatasi, kalamu, andika hapa hapa nikikuona. Kijana wa miaka 19, mkubwa kama mlango, aliandika dakika kumi akasimama kukung'uta mkono. "Unauma, Professor." Hajawahi kuandika ukurasa mzima kwa mkono maisha yake. Lakini alichoandika! Kazini kwake usiku kwenye ghala, roboti likigonga boksi linaomba radhi kwa sauti ya kike, na yeye haombwi. Sentensi mbili tu. Nikamwekea mstari pembeni, nikakaa nazo muda mrefu ndani ya gari kabla sijawasha.

Na darasa la fasihi, Baba, hapo ningetamani ungekuwepo. Walikuwa wanaogopa soneti, lile shairi la Kizungu, wanaona silabi kumi kila mstari ni mateso. Nikawaandikia ubaoni mstari wako ule:

*Mwenye nyumba afunguwe, hodi mgeni yuko nje*

Nikawaambia msijali maana, hesabuni. Nane, pumzika, nane. Waligonga meza kwa kofia za kalamu mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Msichana mmoja akauliza, "Kwa nini umeandika *afunguwe*?" maana alishaangalia kamusi kwenye simu. Nikamwambia baba yangu alihitaji *we* mwishoni na Kiswahili kikamruhusu. Tangu siku hiyo wanaochelewa hawaingii kimya. Wanasimama mlangoni wanasema "Hodi!", na wenzao wanajibu "Karibu!" kwa lafudhi ya kukuchekesha mpaka ukohoe.

Najua utanijibu kwamba Shaaban Robert wa Vibambani alikuwa karani wa forodha na hakuwa profesa wa mtu. Ndiyo, Baba. Lakini karani ana mshahara wa mwezi.

Ijumaa sifundishi, natafsiri kwa simu. Wakongo waliohamishiwa huku wakienda hospitali au shule ya watoto, ofisi inanipigia, nakaa katikati, Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudi. Wananilipa dola 28 kwa saa. Kile Kiswahili mlichonipa bure jikoni kinanilipa kuliko shahada tatu. Sema cha Bukavu kinanishinda mara nyingine, namwomba mama wa watu arudie, naye ananiona mshamba. Kazi za kudumu za ualimu hutangazwa kuanzia msimu huu wa majani kuanguka. Nimeomba miaka mitatu, nimeitwa usaili mara moja. Nimejipa mpaka Mei. Mei ikifika bure, nitageuza: hospitali ziwe kazi, na darasa liwe moja tu, la jioni, lile la hodi.

Mdogo wangu ameniandikia anataka kuja kusoma fasihi kwa sababu "dada ametoboa". Mwambieni dada anatoboa soli za viatu. Akitaka aje, ila chuo kimlipe yeye: ada yote na posho ya kuishi, na vipo vinavyofanya hivyo kwa wanaosoma udaktari wa falsafa. Asikope hata senti. Na kabla hajasaini aulize waliomaliza pale miaka mitano iliyopita wako wapi sasa, awaulize wenyewe, asiiulize ofisi. Mimi sikuuliza.

Milioni mbili ni karibu dola 800, sina. Natuma laki tatu baada ya tarehe 30, na laki mbili Oktoba, basi. Mabati ya nyumba ya uani yasubiri. Kama mvua za vuli zitawahi, hamisheni magunia yaje sebuleni, nitavumilia mkinisema. Baba Mdogo mwambie mwenyewe, Baba, maana mimi nikimwambia atadhani nimebanwa na mume Mzungu, na hata huyo mume sina.

Halafu naomba kitu. Kile kipande cha Babu kipigeni picha, pande zote mbili, mnitumie. Mwanga uwe wa dirishani, msitumie taa ya simu, karatasi ile itang'aa na alama hazitaonekana. Nataka nizihesabu mwenyewe.

Na Mama, usimwambie Shangazi neno mpaka ile laki tatu imeingia.

Binti yenu