Pantilaina zisiuzwe kama pedi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenye maduka, wazazi na walimu wenzangu. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana katika sekondari moja ya kata huku Korogwe, na kinachoniumiza ni kuona pantilaina, yaani vile vipande vyembamba vya kubandika kwenye chupi kwa ajili ya ute na madoa madogo, zinauzwa kwa watoto wetu kana kwamba ni pedi.

Pakiti zake zinafanana mno. Zote zina maua ya rangi ya waridi au zambarau, zote zinakaa rafu moja karibu na sabuni na dawa za meno, na maandishi yake ni Kiingereza cha herufi ndogo. Msichana aliyepewa shilingi 2,500 na mama yake anaona pakiti moja ina vipande vinane, na ya pembeni yake ina ishirini kwa bei hiyo hiyo. Atachukua ipi? Anachukua ya ishirini na kumshukuru Mungu. Siku ya pili ya hedhi, kipindi cha tatu, amekaa kwenye benchi hawezi kusimama hata mwalimu akiingia, na sweta ameshaifunga kiunoni na jua lote hili.

Mwezi Januari, kidato cha kwanza waliporipoti, baba mmoja dereva wa bodaboda alimleta bintiye na sanduku la bati. Kila kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga alikuwa amenunua: ndoo, jembe, fagio la chelewa, madaftari, na taulo za kike pakiti tatu. Nilipokagua, pakiti zote tatu zilikuwa pantilaina. Nikamwita pembeni nikamweleza. Akasema, "Matroni, mimi niliomba taulo za kike, kijana wa dukani akanipa hizi. Mama yake alishatangulia mbele ya haki, ningemuuliza nani?" Nilimheshimu sana mzee yule. Ni wanaume wangapi wanasimama dukani mbele za watu wakaomba vitu hivyo kwa ajili ya binti? Amefanya wajibu wake wote, pesa yake imetoka, na mtoto bado hana cha kuvaa siku zake zikifika.

Tangu hapo nimeweka utaratibu bwenini. Wasichana wapya wakija nawakusanya jioni baada ya kuoga, natandika pedi moja na pantilaina moja juu ya meza, kisha nachukua juisi ya rozela. Kijiko kimoja cha chakula juu ya pedi: inazama, na baada ya muda mfupi ukigusa juu pamekauka, kwa sababu ndani mna tabaka nene linalofyonza na chembechembe zinazogeuka kama uji mzito zikipata maji. Kijiko kama hicho juu ya pantilaina: juisi inasambaa, inafika ukingoni na kutiririka mezani. Hapo hata wale wenye haya, waliokuwa wamejifunika kanga usoni, husogea kuangalia.

Hapo ndipo swali huja, tena huja kila mwaka: "Matroni, tukizipanga tatu, moja juu ya nyingine, si zitakuwa pedi?" Haziwi. Kila moja chini yake ina karatasi ya nailoni ya kuzuia maji yasipite. Damu ikishajaa ile ya juu haiwezi kushuka kwa ile ya pili, inatafuta njia ya pembeni na kuingia kwenye sketi. Isitoshe, nyingi hazina mabawa ya kuzishika kwenye chupi, hivyo mtoto akikimbia mchakamchaka zote zimejikunja. Anatumia tatu kwa mara moja, pakiti ya ishirini inaisha haraka, na unafuu alioufuata dukani haupo tena.

Kwa kawaida mwanamke hutoa damu ya mililita 30 hadi 80 katika hedhi nzima, ambayo ni kama vijiko viwili hadi vitano vya chakula. Sehemu kubwa hutoka siku mbili tatu za mwanzo. Siku hizo zinataka pedi, ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita hata kama haijajaa, na usiku avae ile ndefu. Msichana ambaye pedi yake inalowa chepechepe ndani ya saa moja, tena saa baada ya saa, apelekwe zahanati. Hilo halitibiwi kwa kubadilisha aina ya pakiti.

Sisemi pantilaina ni kitu kibaya. Ina kazi yake, na mimi mwenyewe ninazo kabatini. Inafaa siku ambayo hedhi inakaribia na hujui itaanza saa ngapi, inafaa siku ya mwisho kunapobaki madoa madoa ya kahawia, na inafaa katikati ya mwezi ute unapokuwa mwingi. Anayetumia kikombe cha hedhi, kile kinachovaliwa ukeni kukinga damu, anaweza kuivaa pia ili kikivuja asichafuke. Lakini kuna wasichana wanaovaa zenye manukato kutwa kucha, mwezi mzima, kwa sababu wameambiwa mwanamke lazima anukie. Manukato yale huwasha ngozi laini, na joto likijifungia huko mtu anaanza kujikuna. Ute mweupe au usio na rangi ni kawaida ya mwili. Ukibadilika rangi, ukitoa harufu kali au kuwasha, dawa yake iko kwa daktari, na pantilaina yenye harufu ya maua itauficha ugonjwa tu.

Najua kisa kikubwa ni bei. Msichana anayetumia pedi nne kwa siku kwa siku tano anahitaji pedi 20, yaani pakiti mbili za nane hazimtoshi. Mwaka 2018 Serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Wenzetu wa Kenya mwaka 2017 waliweka kwenye sheria ya elimu kwamba mwanafunzi wa kike apewe taulo hizo bure shuleni. Mimi ningependa mjadala huo urudi bungeni. Wakati tunasubiri, asiyemudu ni heri ashone pedi za kufua kwa kitambaa cha pamba, azifue kwa sabuni na kuzianika juani peupe. Asizifiche zikiwa mbichi chini ya godoro.

Kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti. Wenye maduka, tenganisheni rafu, na kijana anayewauzia aelezwe tofauti ili akiombwa taulo za kike asitoe chochote kilicho karibu na mkono wake. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nawaomba wasimamie kila pakiti ya pantilaina inayoingia sokoni iandikwe mbele, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka: "Haifai kwa siku za damu nyingi." Na wakuu wa shule, kabla ya fomu za kujiunga za Januari ijayo hazijachapwa, ule mstari wa taulo za kike usomeke hivi: "Pedi zenye mabawa, pakiti tatu, pamoja na pakiti moja ya pedi ndefu za usiku. Pantilaina hazihesabiwi." Kwetu mkuu wa shule ameshakubali uandikwe.

Matroni wa bweni,
Korogwe, Tanga