Barua ya wazi kwa Waziri: fomu ya kupokea wazee haiulizi mzee ni nani

Kwako Mheshimiwa Waziri unayesimamia makao ya wazee,

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Kama mimi ndiye mkubwa, basi salamu tu.

Mimi ni mhudumu kwenye makao ya wazee, mwaka wa tisa huu. Naogesha, navisha, nalisha, nawageuza wasioweza kujigeuza kitandani. Nakuandikia kuhusu karatasi. Mzee akipokelewa tunajaza fomu: jina, mwaka wa kuzaliwa, maradhi, dawa, mzio, anatembea au hatembei, ndugu wa kupigiwa simu. Hakuna mstari hata mmoja unaouliza alikuwa akifanya nini miaka yote kabla hajafika mlangoni kwetu.

Nitakupa mfano wa bibi mmoja. Wiki ya kwanza daftari la zamu liliandikwa: "Anakataa chakula." Wiki ya pili: "Bado anakataa." Sahani ikiwekwa mbele yake anaitazama, kisha anaisogeza kwa jirani. Daktari akaitwa, damu ikapimwa, akaandikiwa dawa ya kuamsha hamu ya kula. Jumapili moja mwanawe akaja, akatukuta tukimbembeleza na kijiko, akacheka. "Mama hajawahi kula kabla watu hawajapata," akasema. Kumbe alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alikuwa akila wa mwisho, tena kwa kusimama.

Kesho yake nikampa upawa. Mkono ulitetemeka, mchuzi ukamwagika mezani, wenzake wakangoja bila kunung'unika. Alipoona wa mwisho amepata, akaketi akala. Upawa ule mpaka leo ni wake, na ole wake atakayeugusa.

Mwingine tulimwita mwenye kiburi. Haitikii salamu mezani, wenzake wakamsusa, akawa anakula kama yuko peke yake katikati ya watu. Miezi ikapita. Siku nilipomkata kucha ndipo aliponieleza kwamba alikaa miaka mingi kwenye chumba cha mashine, injini ikiwa upande wake wa kushoto, na sikio la upande huo halikupona tena. Kiti tulichompangia kilikuwa cha mwisho kulia. Meza nzima ilikuwa kushoto kwake! Tulimhamisha upande wa pili, na sasa tatizo letu ni kumnyamazisha wakati wa dawa.

Wenzangu wengine husema wazee "wameanza tena hadithi zao". Sishangai, hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Lakini mwaka 1963 daktari wa akili Robert Butler aliandika kwamba mtu mzima kuyarudia ya zamani si akili kuchoka. Ni kazi ya kawaida ya uzeeni, ya kuyapitia maisha na kuyapatanisha. Na kuhusu ule upawa, nilipata jibu kwenye utafiti wa Ellen Langer na Judith Rodin uliochapishwa mwaka 1976, walioufanya kwenye nyumba ya wazee huko Marekani. Kundi moja lilihimizwa kujiamulia mambo yake, na kila mtu akapewa mmea autunze mwenyewe. Kundi la pili lilipewa mimea pia, ila wauguzi ndio walioimwagilia. Waliojitunzia walionekana wachangamfu zaidi.

Mheshimiwa, Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu Wazee, zilizopitishwa Desemba 1991, zimeweka ushiriki na utu sambamba na matunzo. Wakaguzi wako wanapokuja kwetu hukagua matunzo: shuka, joto la friji ya dawa, tarehe za kuisha muda. Sina ugomvi na friji. Ila sijawahi kumsikia mkaguzi akiuliza nani anakaa na nani mezani, na kwa nini.

Naomba ukurasa mmoja uongezwe kwenye fomu, unaohusu maisha ya mtu, na ujazwe kwa mazungumzo, si kwa kalamu inayokimbia. Hapo ndipo penye gharama, nakubali. Asubuhi mhudumu mmoja ana wazee wengi wa kuogesha, na kusikiliza hakuhesabiwi kuwa kazi. Kuhesabiwe, kuandikwe kwenye ratiba ya zamu, la sivyo ukurasa huo utakuwa karatasi nyingine ya kujaza saa ya mwisho. Pia wazee wenyewe wawe na baraza lao, ambalo uongozi utalazimika kulijibu kwa maandishi. Mambo ya viti wangeyamaliza wao kwa siku moja.

Tahadhari moja. Si kila mtu anataka kusimulia. Kuna aliyezika mtoto, kuna aliyefungwa, kuna aliyepita vitani. Mmoja aliniambia, "Hayo niache nayo," na nimemwacha nayo. Maisha ni ya mwenyewe. Ayaseme anayotaka, na ayafute akighairi, hata kama wanawe wanataka yabaki.

Nimeambatisha ukurasa tuliouandaa wenyewe kwa mkono. Swali la kwanza ni: "Ungependa tukuiteje?" Tumeacha mistari miwili ya kujibu. Tafadhali mtakapouchapisha, msiipunguze.

Wako katika kazi,
Mhudumu wa zamu ya asubuhi