Muuza dawa, uliza kwanza ni mdudu gani

Mhariri,

Nina bonsai ya mugumo ya miaka 14, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo ndani ya chombo. Niliung'oa ukiwa na majani mawili tu, umeota kwenye ufa wa ukuta wa ploti tuliyokaa Umoja, na hadi leo unaishi kwenye chombo cha udongo kisichozidi kiganja changu kwa upana.

Februari majani yalianza kunata, kisha yakaingia weusi kama masizi. Sisimizi wakawa hawaishi kupanda na kushuka shinani. Nikaenda agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo. Kijana wa pale hakuniuliza ni mti gani wala mdudu gani. Alimimina dawa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, akasema, "Vifuniko viwili kwa lita, mama," akapokea shilingi 150. Mhariri, nyumbani nina mjukuu wa miaka mitatu, na chupa ya soda anaijua vizuri sana.

Nilinyunyiza mara mbili. Majani yakapukutika, wadudu wakabaki.

Jirani yangu, aliyewahi kufanya kazi kwenye kitalu cha miche, ndiye aliyekwaruza vile vinundu vya kahawia nilivyodhani ni gome. Kumbe ni wadudu gamba! Wakikomaa, gamba lao huzuia dawa isiwafikie. Hufyonza utomvu na kutoa maji matamu; ukungu mweusi humea juu yake, nao sisimizi huwalinda wasiliwe na wadudu wengine, ili waendelee kuyapata. Tuliwabandua mmoja mmoja kwa mswaki wa zamani na pamba yenye spiriti, tukarudia kila wiki kwa sababu ya makinda yanayoanguliwa. Mbolea sikutia. Tatizo lililotangulia lilikuwa langu: tundu la chombo lilizibwa na mizizi, maji yakatuama, mti ukadhoofika kabla hata wadudu hawajaujia.

Sheria ya kudhibiti dawa za wadudu tunayo tangu 1982. Naomba wakaguzi wapite madukani wazuie dawa kupimwa kwenye chupa za vinywaji. Nanyi wauzaji, mwambieni mteja alete jani, mligeuze, mlitazame upande wa chini kabla ya kupokea pesa yake.

Mugumo umetoa machipukizi matano. Ile chupa bado iko juu ya kabati, nimeifunga kwa mifuko miwili. Siwezi kuimwaga kwenye sinki wala kuitia kwenye taka zinazochakurwa na watoto. Anayehusika aniambie niipeleke wapi.

Bibi mpenda miti,
Umoja, Nairobi