Zawadi anatakiwa awe wa ngapi?

Mpendwa Mama Zawadi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniuliza Zawadi anatakiwa amalize wa ngapi kwenye mbio za nyika za kanda ili aende za jimbo, kwa kuwa timu ya shule yao haitarajiwi kufika huko. Kusema kweli, nafasi hiyo haijulikani mpaka mbio ziishe. Huko Wisconsin, Marekani, kila kanda hupeleka timu 2 za kwanza, halafu wasichana 5 wa mbele wasiomo katika timu hizo. Muda hauhesabiwi, kwani njia moja ina vilima na nyingine ina tope.

Kwa hiyo anza na timu. Shule huingiza wakimbiaji 7, zikajumlishwa nafasi za 5 wake wa kwanza, na yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Wa 6 na wa 7 hawaongezi pointi za timu yao, ila wakiwatangulia watu wa shule nyingine wanawasukuma nyuma. Shule isiyofikisha wakimbiaji 5 haina timu, lakini mtoto wake mmoja mmoja bado anaweza kufuzu.

Sasa chukua kalamu. Tuseme timu A imepata nafasi za 1, 2, 7, 8 na 10, jumla 28. Hiyo imepita. Timu B ina 3, 6, 9, 12 na 38, jumla 68. Timu C ina 5, 11, 15, 17 na 20, nayo 68! Zawadi kamaliza wa 14. Pointi zikilingana, hutazamwa mkimbiaji wa 6 wa kila timu. Wa B akiwa wa 41 na wa C wa 44, B ndiyo inayokwenda. Futa watu wa A na B walio mbele ya Zawadi: wanabaki wa 4, wa 5, wa 11 na wa 13. Zawadi ni wa tano, amefuzu. Lakini yule wa 6 wa C angempita wa 6 wa B, ingekwenda C, na wale wanne wa B wangerudi kwenye foleni ya watu binafsi. Zawadi angekuwa wa saba, akabaki nyumbani, na mwenyewe hakupunguza hata hatua moja. Ndiyo maana usishangilie wala kulia mpaka matokeo ya timu yabandikwe.

Kwa hesabu hiyo, ajue rangi za fulana za timu mbili zenye nguvu. Kilomita ya mwisho, kumpita msichana wa timu inayofuzu hakumsogezi kwenye foleni yake. Kumpita wa shule nyingine kunampa nafasi nzima. Hata hivyo asianze kupiga hesabu akiwa mbioni. Ampite yeyote aliye mbele yake, ila asiridhike kwa kuwa amewapita watatu wa fulana moja.

Mambo mengine huharibika kwa uzembe tu. Namba ya kifuani ikikunjwa au kufunikwa na koti, waamuzi hawaisomi. Chipu za viatuni, yaani vifaa vidogo vinavyomtambua kila mkimbiaji, zikibadilishana kati ya marafiki, nafasi nazo hubadilishana. Kwenye utepe kinachohesabiwa ni kiwiliwili, si mguu wala mkono, kwa hiyo akimbie mpaka apite mstari. Wengi hulegea hatua mbili kabla. Akikata kona nje ya alama, anaondolewa. Na mwanzoni, mtu akiangushwa kwa kugongana ndani ya mita 100 za kwanza, mbio husimamishwa na kuanzwa upya. Baada ya hapo ni kuinuka na kukimbia.

Mbio za jimbo hufanyika Wisconsin Rapids, kwenye uwanja wa gofu wa The Ridges, kilomita 5. Aliyefuzu peke yake huondolewa kwenye hesabu ya pointi za timu, lakini nafasi yake binafsi na medali ni zake.

Mwombe kocha akuonyeshe kanuni za msimu huu, kwani idadi hizi hupangwa na chama cha jimbo na kila jimbo lina zake. Binamu zake walioko majimbo mengine wasije wakakuchanganya.

Msalimie Zawadi, na umwambie afunge kamba za viatu mara mbili.

Wako,
Mama Rehema