Ndege za kuundia nyumbani zinahitaji wakaguzi

Mhariri,

Kila kijana wa Afrika Mashariki anapoonyeshwa gazetini kando ya ndege aliyoiunda uani kwao, sifa humiminika, lakini ni nadra kusoma injini aliitoa wapi au ni nani aliyekagua maungio ya mabawa.

Nchini Marekani, ambako chama cha waundaji wa ndege hizi, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, mtu huruhusiwa kuunda ndege gerejini mwake mradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na wasio wafanyabiashara, kwa kujifunza au kujiburudisha, na kila hatua iwekewe kumbukumbu za maandishi na picha. Baada ya ukaguzi, kwa kawaida hurushwa kwa majaribio saa 25 au 40, bila abiria, mbali na makazi.

Huo si urasimu. Tundu la ribiti, yaani pini ya kuunganishia mabati, ambalo kingo zake hazikulainishwa laweza kuanzisha ufa katika bati la alumini, na bawa likishafungwa hakuna atakayeuona.

Naziomba mamlaka zetu za usafiri wa anga zitume wakaguzi karakanani mapema, badala ya kungoja siku ya kupaa ndipo zipige marufuku.

Msomaji wako,
Nakuru